Kiboko Aliyemsalimia Mama Mkwe

Leo mama mkwe wangu ameniona nikiwa na boksa tu. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana walioniona ni wengi na wote wana simu.

Kwa wasiojua, kwetu sisi Wajaluo mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono hivi hivi, huketi karibu naye, na ukila unakula mbali na macho yake. Mimi nimekuwa mkwe wa mfano. Tangu nimjue Atieno, mamake hajawahi kuniona bila koti, hata ile siku ya jua kali kule kwao Katito nilipotoka jasho mpaka mbwa wao akanionea huruma. Huyo mama hajui kama nina viwiko.

Na kulikuwa na sababu. Mimi na Atieno tulianza na mtoto kabla ya mambo mengine (msiniangalie hivyo, hata nyinyi). Mama akanuna. Alinuna kwa muda mrefu sana, na juzi tu ndipo akatuma habari kwamba niende Jumamosi hii na wazee wangu kwa ayie, siku ile mama wa msichana anatamka mbele ya watu kwamba amekubali. Bila hiyo, mimi ni jamaa tu anayeishi na binti yake. Kwa hivyo wiki hii nzima nimekuwa na adabu hata usingizini.

Sasa leo asubuhi Atieno akasema tumtoe mtoto nje apate upepo. Amondi wetu ana miezi saba na amezitazama kuta za nyumba mpaka zimemchosha. Tukaamua kwenda Dunga. Ziwa, kivuli, samaki wa kukaanga, nini tena? Nikavaa suruali nyeupe (ya picha). Nikajifunga kile kibebeo cha kisasa cha kumweka mtoto kifuani, chenye mikanda na vifungo ambavyo hadi leo sivielewi. Tulipofika, mama mmoja anayeuza samaki akamwambia Atieno kwa Kijaluo kwamba amepata bwana wa maana. Nilisikia. Nikaanza kutembea polepole ili na wengine wanione.

Kosa langu lilikuwa papai. Atieno alisema nimpe mtoto kijiko kimoja tu. Lakini mtoto alikuwa anafungua mdomo, anafungua tu, na mimi moyo wangu ni laini. Nikampa karibu nusu ya papai. Halafu nikamfunga tena kifuani, nikawa namrusharusha ili aone ndege.

Sitaeleza sana, kuna watu wanakula. Nitasema tu kwamba daipa ilizidiwa, na suruali nyeupe ikapokea kilichobaki. Amondi alicheka. Mamake hakucheka. Alinifungua vile vifungo akiwa amegeuza uso, akamchukua mtoto, akaniambia nivue shati na suruali avifue hapo hapo, nami niende nikajioshe nyuma ya magugu maji, mahali pasipo na watu.

Nikavua. Ndani nilikuwa na boksa ya mioyo myekundu, zawadi ya siku ya wapendanao, na mpira wake ulishalegea zamani. (Nani huvaa boksa mpya kwenda kula samaki?) Maji yenyewe yalinifika juu kidogo ya magoti, kwa hivyo nikaketi kwenye matope mpaka yakanifika kidevuni. Yalikuwa matamu. Nikafunga macho nikajiambia kwamba kumbe kutoka na familia ni raha namna hii.

Ndipo nikasikia basi likisimama, na wanawake wakishuka wakiongea wote kwa pamoja. Nikachungulia kati ya magugu. Walikuwa wanawake wa kanisa, na vitambaa vyao vya kichwa vyeupe, wamekuja matembezi kuona ziwa. Na katikati yao nikasikia sauti moja ambayo naitambua hata nikiwa na homa.

Mama mkwe. Kutoka Katito. Leo, kati ya siku zote zilizopo duniani.

Atieno alikuwa amesimama pale na suruali yangu mkononi, inadondoka maji. Mama akampokea mjukuu, akamkumbatia, kisha akauliza baba yake yuko wapi. Atieno akajibu kwamba nimeenda msalani. (Mke wangu, ukiwa umeshika suruali ya mtu, usiseme ameenda msalani.) Mama akaitazama ile suruali kwa muda.

Bahati nzuri wakaitwa kupanda mashua. Nikamshukuru Mungu. Mpango wangu ulikuwa rahisi: mashua iende mbali, mimi nitoke, nivae hata kama nguo ni mbichi, na mama akirudi anikute nimesimama wima kama mkwe. Nikasikia injini ikiwaka. Nikasubiri sauti ipotee. Haikupotea. Ilizidi kuwa kubwa, mpaka mashua ikazunguka magugu na kutokea upande wangu.

Jamaa wa mashua alikuwa amesimama mbele, amenyoosha kidole.

"Mama zangu, polepole. Msipige kelele. Angalieni hapo kwa magugu, ile kichwa nyeusi. Hiyo ni kiboko."

Alikuwa ananionyesha mimi.

Simu zikainuliwa zote. Mama mmoja akasema mbona masikio ni madogo. Jamaa akamweleza, bila wasiwasi wowote, kwamba huyo ni mtoto, bado anakua. Mimi nikaona dawa ni kuzama. Nikavuta pumzi nikaenda chini. Hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu hivyo ndivyo kiboko hufanya. Niliwasikia wakishangilia hata nikiwa chini ya maji. Pumzi ikaisha, nikaibuka na gugu kichwani, nikapuliza maji kwa pua na mdomo. Wakapiga makofi. Mama mkwe mwenyewe alikuwa mbele kabisa, simu juu, akimwambia mwenzake kwamba maisha yake yote hajawahi kumwona kiboko kwa karibu hivi.

Ningekaa hivyo. Naapa ningekuwa kiboko mpaka jioni na nisilalamike. Lakini yule jamaa akashusha sauti.

"Tusikaribie sana. Ukiona mtoto hapa, mama yake haiko mbali."

Hapo akili ikanirudia. Nilikuwa nimeketi mahali ambapo viboko wa kweli huja. Na saa ile ile kitu laini kikanipapasa paja. Labda ni mzizi wa gugu. Labda ni samaki. Sikungoja kujua, nilisimama.

Nilisimama wima mbele ya mashua iliyojaa wanawake wa kanisa, maji juu kidogo ya magoti, mioyo myekundu yote nje. Boksa ilikuwa imejaa matope na ikaanza safari ya kwenda chini. Nikaidaka kwa mkono mmoja. Injini ilikuwa imezimwa, kwa hivyo hapakuwa na sauti yoyote. Mama mkwe akashusha simu taratibu. Macho yetu yakakutana. Na mimi, kwa sababu nililelewa vizuri, nikainua ule mkono mwingine.

"Osaore, Mama."

Nilimsalimia kabisa, salamu ya asubuhi ya Kijaluo. Kwa heshima zote, kama tumekutana sokoni.

Mama aligeuka, akaketi akitazama upande ule mwingine wa ziwa, kisha akaanzisha wimbo. Wenzake wakaitikia, mashua ikaondoka ikiimba. Jamaa wa mashua alibaki ananitazama mpaka wakapotelea mbali. Nadhani alikuwa anafikiria kutafuta kazi nyingine.

Tulirudi nyumbani bila kula samaki. Njiani Atieno alikuwa anatikisika mabega, nikadhani anacheka, nami nikaanza kucheka. Kumbe analia.

"Nimengoja hii Jumamosi tangu Amondi azaliwe," akasema. "Kila mwanamke kwetu ananiuliza kama nimeolewa ama nimetoroka. Sasa nitawaambia nini?"

Hapo kicheko kikaniisha. Kwetu kuonekana na mama mkwe katika hali ile si mzaha, wazee wanaweza kukaa kikao juu yake. Niliona aibu, si ya boksa, ya machozi yake. Nikachukua simu nimwambie baba mdogo kwamba safari ya Katito imekufa. Kabla sijabonyeza, simu ya Atieno ikalia. Alikuwa mamake. Atieno akaiweka kwa sauti ya juu, nami nisikie.

Mama akauliza kama mtoto amekula. Amekula. Akauliza kama ameoga. Ameoga. Kisha akaingia kwenye mambo yenyewe.

"Zile picha za kiboko nimefuta. Na hao wengine nimewasimamia mpaka wakafuta."

"Mama, wacha nikueleze. Baba Amondi alikuwa..."

"Mimi sijaona Baba Amondi leo. Nimeona kiboko." Tukasikia akivuta pumzi. "Jumamosi tunachinja mapema. Mwambie asichelewe. Na avae mshipi."

Akakata. Atieno akanitazama, na safari hii alikuwa anacheka kweli, machozi yakiwa bado shavuni. Nampenda sana yule mama, na sijui nitamwambia vipi, maana kwa desturi siruhusiwi hata kumkaribia.

Kwa sasa natafuta mshipi wa kuazima kwa ajili ya Jumamosi. Mwenye nao alete, na kama ni kucheka, acheke kwanza huko kwake amalize.