Ukuta Ulioota Shayiri

Jumatatu, 4 Mei 1416
York. Siku mbaya. Karani wa mji kaniandika "doba". Mkandika udongo na samadi! Mke wa mwoka mikate huniita pajeta, mpamba kuta. Padri hajui aniiteje. Hata mimi sijui. Shemeji Thurstan, kaka wa mke wangu, ni mpiga lipu kamili. Kwenye maigizo ya sikukuu ndiye hupanda mkokoteni wa chama chao cha wapiga lipu, akaigiza Mungu, akaumba dunia! Leo kaniuliza mbele za watu kama harufu ile ni samadi au ni mimi. Wakacheka. Nimekwenda kuomba chama kinipime. Nikipita, mpiga lipu. Nikishindwa, marufuku kufanya kazi ndani ya mji.

Jumanne, 5 Mei
Kipimo ni ukuta mmoja wa jasi, ukumbini mwao. Mbona jasi imegeuka jiwe ndooni? Mwiko umo ndani! Nikapata akili: chini udongo, samadi na mabua ya shayiri, juu jasi nyembamba. Nani atajua? Mke wangu Emota kaniambia, Hamo wee, njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu afadhali, tutafika mapema.

Jumatano, 13 Mei
Ukuta unameta. Thurstan kaugusa, kaunusa, kaenda zake. Wivu! Ila kuna vidoa vya kijani. Sielewi. Nimepaka jasi juu yake.

Alhamisi, 14 Mei
Vimerudi, virefu. Nimevinyoa kwa wembe. Sielewi kabisa.

Ijumaa, 15 Mei
Maskini mimi! Mzee Godlin, mkaguzi wa chama, kaingia, kasimama, kavua kofia. Ukuta mzima umeota shayiri, kimo cha kidole! Aliyepura yale mabua kaacha punje tele. (Nilipura mwenyewe.) Thurstan kasema, shemeji, nilidhani muumba dunia ni mimi, kumbe ni wewe. Mzee Godlin hakucheka. Marufuku. Emota kalia. Nami nimelia, kidogo.

Jumamosi, 16 Mei
Tunahamia mji wa Beverley. Thurstan katubebea mizigo hadi langoni, wala hakunitania. Imeniuma zaidi. Emota kaniapisha: huko niseme mimi ni doba, nikandike udongo, basi. Nimeapa. Somo limeniingia barabara. Kosa lilikuwa shayiri. Huko nitajiita pajeta, na nitatumia mabua ya ngano.