Helmeti ya Polisi Imevaliwa na Mke Wangu

Gordon Ondiek,
Kisian, Barabara ya Busia.

Kwa Mhariri, Ukurasa wa Barua za Wasomaji.

KUH: MATUMIZI MABAYA YA HELMETI YA AKIBA

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu kutoka Kisian. Mimi ni msomaji wako mwaminifu, ingawa gazeti lenyewe huwa nalisoma kwa kinyozi, kwa kuwa sioni haja ya watu wawili kununua habari zile zile. Kazi yangu ni wakala wa bima ya maisha. Kila asubuhi hupanda pikipiki yangu, nikaingia mjini Kisumu, nikapandisha hadi Milimani kuwaeleza wenye magari kwamba binadamu anaweza kutoweka ghafla, na kwamba anayempenda mke wake hujiandaa mapema. Nalisema hili mwanzoni ili usinidhanie mtu asiyejua hatari. Hatari ndiyo inayonilisha.

Naandika kwa uchungu. Mke wangu Achola, fundi wa nguo katika soko la Kibuye, amekataa kukaa nyuma ya pikipiki yangu. Kisa ni helmeti ya akiba ya rangi ya njano, niliyoinunua kwa nia njema na kwa bei nafuu. Amesema hatapanda tena mpaka nimnunulie helmeti aliyoiita "ya mtu". Nimembembeleza, nimenuna, nimemtuma shangazi yangu azungumze naye, na shangazi amerudi akiwa upande wake. Sasa naliweka jambo hili mbele ya umma, nikiamini kwamba msomaji yeyote mwenye akili timamu ataniunga mkono. Malalamiko yangu ni haya:

1. Helmeti ile haikununuliwa ili ivaliwe. Nilipoingia katika duka la Fabian, karibu na stendi ya mabasi, aliniuliza swali ambalo kila mwenye pikipiki hapa kwetu analijua: "Unataka ya kuvaa ama ya polisi?" Ya kuvaa ninayo. Ni nyeusi, ina kioo cha mbele kinachofunguka, sponji nene ndani, na mkanda unaofunga kwa mlio wa heshima. Nikamwambia ya polisi. Akanitolea hiyo ya njano, plastiki nyepesi isiyo na kitu ndani, mkanda wake mwembamba kama utepe wa zawadi. Kazi yake ni moja tu: afande akitusimamisha pale kwenye kizuizi, aone helmeti mbili, atupungie mkono tuendelee. Abiria anaining'iniza kwenye kiwiko. Kwa kazi hiyo haijawahi kuniangusha. Achola, Ndugu Mhariri, akaivaa kichwani! Ni kama mtu afungue kabati, atoe vikombe vya wageni, anywee uji wa asubuhi. Halafu akawa wa kwanza kulalamika: "Yawa, Baba Terry, hii ni helmeti ama ni karai? Inazunguka, mimi hata sioni mbele." Terry ni binti yetu, naye alicheka sana, jambo ambalo halikunisaidia.

2. Achola ni abiria wa mara moja moja, na hataki kukubali. Anapanda asubuhi kwenda Kibuye. Anapanda jioni kurudi. Jumapili anapanda kwenda kanisani, na wikendi za matanga twaenda pamoja kwao Pap Onditi. Zaidi ya hapo hapandi kabisa. Usiku kucha hayuko kwenye pikipiki. Akiwa kwenye cherehani, hayuko kwenye pikipiki. Akila, akioga, akisengenya na majirani, hayuko kwenye pikipiki. Katika kazi yetu ya bima tunalipima jambo kwa urefu wa maisha yote, na kwa kipimo hicho mke wangu karibu hapandi pikipiki. Mtu wa namna hiyo atanunuliwaje helmeti ya kila siku?

Tena asifikiri nimemwacha bila kinga. Nimemkatia bima ya maisha iliyo nzuri kuliko ya watu wengi wa Milimani. Likimpata la kumpata, kampuni italipa bila kusumbua, na mlipwaji ni mimi. Nilipomweleza hivyo ili kumtuliza, aliacha kula, akanitazama mpaka ugali ukapoa.

3. Hana shukrani. Siku moja, tulipokuwa tukipita Otonglo, lori lilitupita kwa kasi na upepo wake ukaing'oa ile helmeti kichwani mwa Achola. Ikaviringika barabarani. Mwanamume mwingine angeendelea na safari zake. Mimi nilisimama papo hapo, nikaruka, nikakimbia katikati ya magari huku madereva wakinitukana matusi ya kila lugha ya magharibi mwa Kenya, nikaiokoa kabla haijakanyagwa. Nilirudi nayo nikihema, bila hata mkwaruzo mmoja. Badala ya kupongezwa, nilimkuta Achola amekaa kando ya barabara, kitambaa kimemtoka, amekishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuniuliza hata kama nimeumia. Hapo ndipo aliposema maneno ninayoyanukuu yalivyo: "Mimi sipandi tena. Kama kichwa yako iko na sponji, yangu pia itapata sponji." Akavuka barabara akaenda kwa miguu.

4. Abiria anakaa nyuma, na nyuma kumefunikwa. Mbele yake kuna mimi, na Mungu hakuniumba mwembamba. Mvua ikinyesha, inaninyeshea mimi. Wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu yao, wanaingia kinywani mwangu. Tukigonga kitu, wa kwanza kukifikia ni mimi. Kwa hiyo mwili wangu wote ni helmeti ya Achola, tena ina moyo na inampenda. Mke anayedai helmeti nyingine juu ya hiyo anasema nini kuhusu mume wake?

5. Wako abiria wanaojua kukaa. Nilipombeba Pasta Wakoli kumpeleka mjini kwenye mkutano, aliipokea helmeti ya njano kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Aliomba Otonglo yote, akaomba tukiingia mjini, alipofika akashuka akaniambia Bwana ni mwema. Helmeti haikupata hata jasho. Pasta hakupanda nami tena, nadhani kwa sababu ya majukumu, lakini adabu yake bado naikumbuka.

6. Sasa nifikie lile linaloniuma zaidi. Achola haendi Kibuye kwa miguu. Anabebwa na Waliaula, kijana wa bodaboda wa hapa Kisian. Waliaula ana helmeti ya abiria ambayo, nasema kwa masikitiko, ni nzuri kuliko yangu. Ina sponji, ina kioo, na abiria akiifunga, Waliaula mwenyewe anaujaribu mkanda kwa kidole kabla ya kuwasha injini. Juu ya hayo, kila abiria anapewa kofia nyepesi ya kitambaa avae ndani, ili asivae jasho la mwenzake. Nani anayemshonea kofia hizo? Mke wangu. Anamshonea na kumfulia, naye anambeba.

Ndugu Mhariri, huu ni ushindani usio wa haki. Mtu wa kawaida mwenye pikipiki ya nyumbani atafanyaje ikiwa wenye bodaboda wataanza kujali vichwa vya wake za watu? Asubuhi natoka peke yangu, nimeifunga helmeti ya njano kwenye kiti cha nyuma ili afande aione. Nikifika Otonglo nasikia mlio, nageuka, Waliaula ananipita. Nyuma yake ameketi Achola, kioo kimeshushwa, ananipungia mkono kama anayepungia harusi. Nilipomsimamisha Waliaula jioni kumuuliza nia yake ni nini, alinijibu kwa heshima iliyoniudhi: "Mzee, mama ako sawa. Si anavaa helmeti?" Pale kwenye kituo cha bodaboda vijana wameshapata la kusema. "Omera Gordon, leo umebeba nani?" wananiuliza, wakiitazama ile helmeti iliyokaa peke yake.

Nitasema kweli, naumia. Achola alikuwa na tabia ya kuingiza mikono yake katika mifuko ya koti langu asubuhi za baridi, na kunisimulia ndoto zake ambazo kwa sababu ya helmeti yangu nzuri sikuzisikia vizuri. Siku hizi mgongo wangu unapigwa na baridi mpaka mjini. Nyumbani tunakula, tunasalimiana, tunalala, lakini safari zetu zimekwisha, na sijui zitarudi vipi.

7. Kuna suala la mahari. Nilipokwenda Pap Onditi kumposa Achola, ng'ombe walihesabiwa kwa mtu mzima. Hakuna mzee aliyesema wale ni wa kiwiliwili, wa kichwa watafuata. Kichwa kilikuwamo, nilikiona. Sasa iweje baada ya miaka yote hii nitakiwe kukilipia kichwa kile kile mara ya pili, dukani, kwa Fabian? Kama kina udhaifu fulani unaohitaji sponji, waliopaswa kunieleza ni wakwe zangu. Na kama ni haki kuwe na helmeti ya kweli, basi haki ni waitoe wao.

8. Kwa hayo yote, napendekeza yafuatayo kwa serikali. Kwanza, helmeti za abiria zisibebwe na wenye pikipiki. Ziwekwe kwenye kizuizi chenyewe, abiria avae akifika, apite mbele ya afande, avue, aache hapo kwa ajili ya mwingine. Pili, kwa kuwa helmeti hizi tunazinunua kwa ajili ya polisi, polisi ndio wazivae. Tatu, mzazi yeyote anayemwoza binti kwa mwenye pikipiki amkabidhi akiwa na helmeti yake, ya ukubwa wake, na iandikwe miongoni mwa vyombo vya nyumba pamoja na masufuria. Nne, mwenye bodaboda atakayempa mke wa mtu helmeti iliyo bora kuliko ya mume wake ashtakiwe kwa kuvunja nyumba. Na tano, ikishindikana yote, wanawake wasafiri bila vichwa, kwa kuwa inaonekana vichwa ndivyo vinavyoleta mashauri haya.

Naomba uichapishe barua hii yote bila kuikata. Nataka Achola aisome kwenye gazeti, mbele ya wanawake wenzake wa Kibuye, aone jinsi jambo linavyokuwa wazi likipangwa kwa hoja. Nina hakika akifika hoja ya nne atarudi nyuma ya pikipiki yangu.

Nisalimie wote ofisini kwako, na mafundi wa mitambo wasiolala ili sisi tusome. Nawasalimu pia Pasta Wakoli, Fabian wa dukani, afande wa kizuizi ambaye sijui jina lake lakini tunaelewana kwa macho, na wakwe zangu wote wa Pap Onditi, ambao nawaheshimu kama ilivyo desturi.

Ni mimi, mwenye kiti kitupu nyuma,

Gordon Ondiek.

Tanbihi: Ndugu Mhariri, kabla sijaileta barua hii kumetokea jambo dogo. Maneno haya nayatamka tu, anayeandika ni Achola, kwa sababu mkono wangu wa kulia umefungwa. Juzi, nikipita Otonglo, Waliaula alinipita kama kawaida, nami nikageuka kutazama nyuma yake kuna nani. Nikaingia kwenye lundo la kokoto. Kichwa changu kiligonga ukingo wa kalivati kwa kishindo kilichosikika hadi kwenye vibanda vya samaki. Helmeti yangu ilipasuka vipande viwili. Kichwa hakina hata nundu. Mfupa wa bega ndio umevunjika, kwa kuwa bega halikuwa na sponji.

Waliaula na Achola ndio walioniokota na kunipakia kwenye tuktuk. Nikiwa njiani kwenda hospitali niliona pikipiki yangu inakuja nyuma yetu, imenyooka vizuri kabisa, na aliyeiendesha ni mke wangu. Kumbe Waliaula alikuwa akimfundisha kila Jumamosi, na leseni ameshaipata. Daktari amenikataza kuendesha kwa muda mrefu. Kuanzia Jumatatu Achola ndiye dereva, nami nitakuwa abiria wa mara moja moja.

Ameshajinunulia helmeti nzuri sana. Nilipouliza ya abiria, aliniomba barua hii, akaisoma yote polepole, akasema hoja zangu zimemwingia, hasa ya pili na ya nne. Halafu akaning'iniza ile ya njano kwenye kiwiko changu kizima. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakusihi USIICHAPISHE barua hii. Badala yake, kama unalijua duka lolote Kisumu lenye helmeti ya kweli ya abiria, kubwa, yenye sponji, nijulishe kabla ya Jumatatu. Bei si hoja.

Mhariri, mimi ni Achola. Hiyo yote nimeandika vile amesema, sijaongeza hata neno. Lakini yeye hawezi kufunga bahasha na mkono moja. Mimi ndio nafunga, na mimi ndio naleta huko kwenu na pikipiki. Chapisha.