Safari za Babu Kando ya Sabaki

Jumanne, 2 Novemba 1982

Siku kubwa! Bwana Ochola wa ofisi ya maji amekuja barazani kwa naibu chifu. Serikali inataka kujua mto Sabaki ulifika wapi katika mafuriko ya mwaka wa sitini na moja. Kila ambaye nyumba yake iko chini ya alama hiyo atapewa kiwanja kilimani Mkwakwani. Juu, pakavu, pana upepo! Nilipiga makofi peke yangu, watu wakageuka.

Sababu ninayo. Mwezi uliopita nilipeleka kadzama, mtungi wa tembo la mnazi, kwa Mzee Ngala kumposa binti yake Kadii. Tembo alilinywa lote. Kisha akasema hakuzaa binti aje awe jirani ya viboko. Basi nikipata kiwanja, nimempata Kadii.

Tatizo ni babu. Babu ni kigango chetu, lile gogo la kuchongwa alilosimikiwa marehemu babu yangu kabla sijazaliwa. Kila mtu anajua kwamba maji ya sitini na moja yalisimama miguuni pake. Na nyumba yetu iko juu yake kidogo. Kidogo tu! Aliye chini yake ni Nzai. Nzai, ambaye hata mbuzi hajui kumfunga! Naye pia amepeleka kadzama kwa Mzee Ngala.

Jumatano, 3 Novemba

Nimefikiri kutwa. Nyumba haiwezi kushuka. Lakini babu anaweza kupanda!

Nikamuuliza mama, kwa jumla tu, kama kigango huhamishwa. Akasema watu huhama, mji mzima huhama, kigango hubaki. Aliyesimikwa amesimikwa. Kisha akanishika paji la uso aone kama nina homa.

Ijumaa, 5 Novemba

Wote wamekwenda matangani Marafa. Mimi niliumwa na tumbo. Vumbi lao lilipotua tu, tumbo likapona.

Nilimmiminia babu tembo, nikamweleza kwamba haya ni kwa ajili ya vitukuu wake. Hakukataa. Nikamng'oa. Mzito! Mtu aliyekufa zamani vile ningedhani amepungua. Nilimbeba begani mpaka nyuma ya jiko letu, penye mkwaju. Pangetosha hapo chini zaidi, lakini miguu ilikuwa imeshika moto, nikapanda naye mpaka hapo mkwajuni, juu kabisa. Kwa haraka nimemsimika akilitazama jiko badala ya mto. Si kitu, atasikia harufu ya nazi.

Shimo la zamani nimelifukia na kuweka juu yake kibanda cha kuku. Wamerudi jioni. Hakuna aliyegundua! Kitu cha kila siku hakuna akitazamaye.

Jumamosi, 6 Novemba

Bwana Ochola amekuja na darubini yake ya miguu mitatu. Akawauliza wazee maji yalifika wapi. Mzee Ngala akajibu bila kuinua kichwa kwamba yalisimama miguuni pa babu yake Dena, yaani mimi. Wengine wakaitikia. Bwana Ochola akamwona babu, akampima, akaandika. Nilikuwa karibu kuimba.

Ila mama. Alimtazama babu. Akanitazama mimi. Akakitazama kibanda cha kuku. Kisha akaenda kuteka maji. Heri angesema neno.

Jumatatu, 8 Novemba

Balaa! Bwana Ochola amerudi uso umemkunjika. Anasema kwa alama ya babu, nusu ya kilima cha Mkwakwani ilizama mwaka ule. Hawezi kumpa mtu kiwanja ndani ya maji. Tutapelekwa Tezo. Tezo! Kule Kilifi, tukalime baina ya watu tusiowajua! Wanawake wakaanza kulia palepale.

Na kuna zaidi. Nyumba ya Mzee Ngala nayo iko chini ya babu. Mzee alisimama kwa hasira. Akasema sitini na moja alilala ndani ya nyumba ile, mkavu, akichoma muhogo, na hakuna mtu wa darubini atakayemwambia alikuwa amelowa. Nzai akacheka kidogo. Akasema labda wazee waje Jumatano wamkague babu mwenyewe.

Sasa tumbo linaniuma kweli.

Jumatano, 10 Novemba

Jana, watu wakiwa mashambani, nilimrudisha babu. Au nilijaribu. Kwenye kibanda kuna kuku anayeatamia, na kuku yule hana adabu. Kanidonoa mkono mpaka damu! Nikasikia watu wanakuja. Nikakimbia na babu nikamsimika mahali pa kwanza penye udongo laini, kule chini migombani, karibu na mto.

Leo wazee wamekuja. Wamemkuta babu chini ya nyumba zote! Kwa alama hiyo hakuna aliyewahi kulowa, hata Nzai. Nilimwona Nzai anavyomeza mate. Nimekosa mimi, amekosa na yeye. Kuna raha yake.

Kadii alipita na ndoo yake, akasema hajapata kuona marehemu mwenye miguu kama babu yangu. Mama akaniita pembeni.

“Babu yako amechoka, Dena. Mrudishe kwake.”

Nikamwambia nitamrudisha kuku akishaangua. Mama hakucheka. Akanionyesha mto. Maji mekundu, yanabeba miti mizima, na viboko wamepanda kulala juu ya kingo. Nikamwonyesha mbingu. Nyeupe! Hata tone halijaanguka wiki nzima. Mzee Ngala, aliyekuwa akisikiliza, akanitazama kama mtu anavyotazama ndama.

“Mto huu haunyeshewi hapa, mwanangu. Unanyeshewa kule juu unakotoka, Ukambani.”

Wazee na hadithi zao!

Alhamisi, 11 Novemba

Wote wamehamia kilimani na mbuzi zao. Mama amebeba hata sanduku langu, na daftari hili linakwenda ndani yake. Mimi sitoki. Maji ya sitini na moja hayakufika nyumbani kwetu, kwa hiyo hayafiki. Historia ni historia. Najua mimi alama ya kweli ilikuwa wapi!

Jumamosi, 13 Novemba

Niko hai! Naandika Mkwakwani, nimevaa leso ya mama.

Yalikuja jana asubuhi, jua linawaka. Yalikuja kimya, halafu hayakuwa kimya tena. Migomba ilianza kuondoka. Kisha nikiwa mlangoni, maji magotini, nikamwona babu anapita. Chali, uso juu, anaelekea baharini! Nilijua nikirudi kwa mama bila babu, ni heri nisirudi. Nikajirusha. Kuogelea sijui sana. Nikamkumbatia.

Nilimwomba msamaha kwa sauti, nikamwahidi mambo mengi. Nyuma yetu ukuta wa nyumba ulianguka. Niliogopa, naandika wazi, niliogopa sana. Lakini babu hakuzama. Tulizunguka paa la Nzai, mkondo ukatusukuma kando, ukatupandisha, tukagonga mkwaju wa nyuma ya jiko. Miguu ya babu ilisimama kwenye shimo lilelile nililomchimbia! Maji hayakupanda tena hata kidole.

Kwa hiyo alama yangu ilikuwa sawa! Niliwaambia wote. Hakuna aliyenipongeza. Mama alinikumbatia, akanipiga kofi, akanikumbatia tena. Kisha akanishikisha kichwa cha babu, mbele ya Mzee Ngala na Kadii, nikaapa kwamba sitamhamisha tena maisha yangu. Niliapa kwa moyo wote.

Na Mzee Ngala je? Kiboko amelala uani kwake!

Jumatano, 17 Novemba

Maji yamepungua. Babu amerudi kwenye shimo lake la kwanza, anautazama mto. Kibanda kimekwenda. Kuku alipanda mnazi, na vifaranga hakuna.

Nilimwendea Mzee Ngala. Nikampa shikamoo ya heshima kabisa, nikamkumbusha kwamba sasa sote ni majirani ya viboko. Alimtazama yule kiboko wake. Akasema atakayetangulia kujenga kilimani, alete kadzama jingine. Kadii akasema, na baba yake akisikia:

“Mimi nitaolewa na anayewaacha wafu walipo.”

Nikamwambia nimeapa. Akatabasamu! Naamini hakuwa akimtabasamia kiboko.

Jumamosi, 20 Novemba

Habari moto! Hatwendi Tezo. Bwana Ochola ameona kwamba kilele cha Mkwakwani hakikulowa, kwa kuwa sote tulikuwa tumekikalia. Viwanja vipo, ila ni vichache. Walioingiliwa na maji mengi zaidi watachagua kwanza. Hatasikiliza tena wazee wala vigango. Katika kila boma, yeye mwenyewe amepaka mstari mwekundu kwenye mnazi, pale maji yalipoacha tope.

Mstari wa Nzai uko juu ya kichwa chake. Wangu unanifika kifuani. Nzai atatangulia! Atajenga, atapeleka kadzama, na mimi nitaalikwa harusini kubeba sufuria!

Bwana Ochola anarudi Jumatatu kusoma mistari. Kopo la rangi na brashi ameviacha kwetu, kwa sababu mama ni mtu mwaminifu. Mama naye kesho anakwenda Mambrui kumwona dada yake.

Kumhamisha babu, sithubutu. Nimeapa, na kiapo ni kiapo. Lakini mnazi sikuuapia.