Molekuli Kubwa Haipiti

Jumatatu, 6 Novemba 1978. Kirushya.
Mkaguzi anakuja Alhamisi kuchagua mwalimu mkuu msaidizi. Ni mimi au Mwalimu Verediana wa kilimo. Yeye ana maharage, yamestawi kwelikweli. Mimi nina zeolaiti! Nimesoma habari zake gazetini: mawe yenye vinjia vidogo mno, hata gesi inachujwa humo. Molekuli nyembamba zinapenya, nyingine zinanata ukutani kwanza, nene zinabaki nje. Wataalamu wanaiga safari hiyo kwa kompyuta. Kompyuta sina. Nina watoto wa Darasa la Sita, na handaki tulilochimba kujikinga na ndege za adui.

Jumanne, 7 Novemba.
Mlango wa handaki ulikuwa mpana mno kwa sayansi. Jioni nimeubana kwa matofali. Sasa mtoto mmoja anapita, wawili walioshikana wanakwama. Safi sana! Verediana amepita na jembe begani, akauliza kama mwalimu mkuu anajua. Nikamjibu kwamba atajulishwa. Wivu tu.

Jumatano, 8 Novemba.
Mazoezi. Nikipuliza filimbi, gesi, yaani watoto, inaingia. Wa kunata wanajibandika ukutani, wengine wanapita. Mwanafunzi wangu Esperansia ameuliza, je, zikija ndege kweli? Nimemwambia molekuli haziulizi maswali. Lakini swali lake nimelala nalo.

Alhamisi, 9 Novemba.
Masikini mimi! Asubuhi, mngurumo kutoka barabarani. Mtu akapiga kelele: ndege! Shule nzima mbio handakini. Watoto wangu, Mungu awabariki, wamejibandika ukutani kama nilivyowafundisha, wenzao wakapita katikati hadi ndani kabisa. Nje tukabaki mimi na Mwalimu Mkuu Leonidas. Uzito wake anaujua mkewe. Akaingia, tumbo likagoma kwenye matofali. Nusu ndani, nusu nje, na mngurumo unakaribia! Nimemsukuma huku nalia. Nimelia kweli. Niliona mtu anakufa kwa ajili ya cheo changu.

Kumbe ni lori kutoka Nyakanazi, bomba la moshi limetoboka! Nikakaa chini nikacheka peke yangu. Na nani anashuka humo? Mkaguzi. Akauliza hiki ni kitu gani. Darasa la Sita likajibu kwa pamoja kutoka shimoni: molekuli kubwa haipiti, Ndugu Mkaguzi!

Verediana akaja mbio kutoka kwenye maharage yake. Akabomoa matofali kwa jembe, mkuu akatoka.

Ijumaa, 10 Novemba.
Cheo amepata Verediana. Mimi sikufukuzwa! Mkuu ameniamuru niondoe matofali yote kabla ya chai, na nisimsogelee hadi Krismasi. Nimeyabeba hadi nyumbani huku naimba. Wote wazima, hata yeye. Nimeapa kutogusa handaki lile tena.

Jumapili, 12 Novemba.
Misa. Nimemshukuru Mungu kwa moyo wote. Wakati wa kutoka nikautazama mlango wa kanisa. Mpana ovyo, watu wanamwagika tu, hakuna mchujo wowote. Na kanisa si handaki.

Matofali bado ninayo.