Nusu Saa Bila Kusimama

Jumatatu, 2 Juni 2025
Daktari kasema moyo wangu umechoka. Dawa kila siku, na kutembea nusu saa bila kusimama, mwendo wa mtu anayeweza kuongea. Binti yetu Ritha kapiga simu kutoka Dodoma: wiki ijayo presha isiposhuka, ananihamishia kwake. Dodoma! Nikae sebuleni nitazame luninga, alizeti yangu ivunwe na nani? Siendi. Nitatembea mpaka presha ikome yenyewe.

Jirani yangu Alute ana ugonjwa huohuo. Kasema yeye anatembea tangu Pasaka. Hakuulizwa.

Jumanne, 3 Juni
Sikufika hata mashine ya kusaga. Iguguno nzima ilikuwa barabarani! Mama Elina kaniuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za alizeti, za Ritha, kisha za nyumbani tena. Wanafunzi nao: shikamoo, marahaba, mmoja mmoja. Nusu saa ikaisha nimesimama. Moyo haukujua hata kama tumetoka.

Jumatano, 4 Juni
Mbinu mpya: sisalimii mtu! Kofia usoni, macho chini. Mama Elina nikampungia mkono tu. Nusu saa kamili! Narudi kifua mbele, nakuta uwanja wangu umejaa watu. Unga, kuni, sufuria, mwinjilisti Deo na kitabu cha nyimbo. Mzee akipita bila kuitikia shikamoo, kwake kuna msiba. Mama Elina ndiye aliyetangaza. Mke wangu Evodia analia kuliko wote. Alidhani nimepata habari mbaya ya Ritha, nikashindwa kumwambia. Nilijisikia vibaya sana. Ugali ulikuwa umeshaiva, tukala.

Alhamisi, 5 Juni
Anayefukuza mifugo hasimamishwi kwa salamu. Nikamfungulia beberu wetu, nikamfuata. Hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani! Ila beberu hakuambiwa mwendo wa daktari. Karibu na kanisa kifua kikabana, nikakaa chini vumbini. Niliogopa. Akilini nilimwona Evodia akilia tena, safari hii kwa haki. Alute kamkamata beberu, kanifikisha zahanati, kanipa ushauri njia nzima. Zahanati wakanipima, wakanigombeza, wakasema kesho nipumzike.

Jumamosi, 7 Juni
Evodia kaja na mbinu yake. Yeye anatangulia, anasalimia na kusimama kwa niaba yetu sote, mimi napita taratibu. Mama Elina kamng'ang'ania yeye. Nikapita! Nusu saa, pumzi ipo, kifua kimetulia. Si mbinu yangu, kwa hiyo siisifu.

Jumatatu, 9 Juni
Presha imeshuka! Daktari kafurahi, kasema niendelee hivyohivyo, taratibu. Ritha kakubali nibaki. Nilitaka kuimba palepale.

Kisha Alute katoka chumba cha daktari, katangaza mbele ya foleni nzima kwamba presha yake ni nzuri kuliko yangu. Neno hilo siwezi kulala nalo. Nimempa changamoto: Jumamosi tupande basi hadi chini ya mlima wa Sekenke, tuukwee kwa miguu, tuone nani mwenye moyo. Kakubali. Evodia nimemwambia tunakwenda kumjulia hali mgonjwa. Si uongo. Tukifika juu, lazima mmoja wetu atakuwa mgonjwa, na nimeshaamua ni Alute.