Bi Bong-nim na Bango la Kulitetea Jua

Sogeeni enyi wenye masikio. Anayemenya vitunguu saumu aendelee kumenya lakini asikohoe, na aliyejiegemeza aketi wima, kwa maana habari ninayoileta haisikilizwi kwa mgongo uliolegea. Ni habari ya kilima cha Dolsaem, kando ya mji wa Daejeon, na ya Ku Bong-nim, mjane wa fundi saa, aitwaye na majirani Mpindua Pilipili, shujaa mfupi wa kimo na mrefu wa ghadhabu. Jinsi alivyokichukua kitambaa peke yake, akapambana na upepo, akakifunga kamba mbili pande mbili za kichochoro, mchana kweupe, na kitambaa kisianguke. Naiomba pumzi yangu initoshe hadi mwisho, maana kazi ni kubwa.

Asili ya vita ni hii. Chini kidogo ya kichochoro, upande jua linakotokea wakati wa baridi, palikuwa na nyumba ya kuogea ya umma, yenye bomba refu la moshi, ambamo wanawake wa Dolsaem walisuguana migongo kwa miaka mingi na kusengenyana kwa haki na usawa. Mwenye nyumba hiyo alizeeka, akauza, bomba likaangushwa. Na kiwanja kikanunuliwa na Kanisa la Chemchemi Mpya, ambalo halikukusudia kujenga kibanda. Lilikusudia jengo la ghorofa saba, lenye ukumbi wa watu wasiohesabika na msalaba wa taa nyekundu juu kabisa, wa kuonekana kutoka barabara kuu.

Habari hizo zilipopanda kilimani, kila nyumba ililia kilio chake. Wenye magari waliona magari ya Jumapili yakijaa mbele ya milango yao kama siafu kwenye mfupa. Wenye usingizi mwepesi waliuona msalaba mwekundu ukiwamulika kitandani. Lakini Bi Bong-nim aliona jambo moja tu: kivuli. Kwa maana juu ya paa lake bapa alianika pilipili kila vuli, akizipindua moja moja kama mama anayegeuza watoto waliolala, na pilipili hizo ndizo zilizotia rangi kimchi, kabichi ya kuchachusha, ya kichochoro kizima. Ghorofa saba zingesimama kati yake na jua. Akahesabu ghorofa kwa vidole, akashuka darini, akafunga mlango wake. Na tangu siku hiyo hakuvuka tena kichochoro kwenda kwa Tak Ok-hui, jirani wa mkabala na rafiki wa mgongo wake, kwa kuwa Bi Ok-hui alikuwa shemasi wa kanisa lile lile.

Likaitishwa baraza la vita katika duka la tofu, ile jibini nyeupe ya soya. Mjumbe wa mtaa, Bwana Seol, aliwaeleza kwamba maofisa wa wilaya watakuja Jumamosi asubuhi pamoja na watu wa kanisa kukagua kiwanja, na kwamba wakikuta mtaa umenyamaza wataandika kuwa mtaa umeridhika. Basi wakaazimia kutundika bango la kitambaa kukatiza kichochoro, wapite chini yake watake wasitake. Bango likachapishwa, jeupe, herufi nyekundu kubwa kama ndoo: TUACHIENI JUA LETU. Wakalikunjua, wakalisifu, wakapiga makofi.

Hata Jumamosi ilipofika, majemadari walitoweka. Bwana Seol alituma ujumbe kwamba mgongo wake umemkamata. Muuza tofu alitoa ngazi yake kwa moyo mkunjufu, akasema yeye mwenyewe hawezi kuonekana, maana nusu ya wanunuzi wake ni waumini. Wa tatu alisema mke wake huimba kwaya, na anapenda kula chakula cha jioni kikiwa cha moto. Bi Bong-nim aliwasikiliza wote. Kisha akarudi nyumbani kujivika silaha.

Akavaa suruali pana ya maua, ambayo upepo ukiingia hutuna kama maandazi. Akavaa mikono ya kitambaa kutoka kiganja hadi kiwiko, akavaa glavu nyekundu za mpira, akajitwika kofia isiyo na utosi, yenye ukingo mpana kama bawa la kunguru. Kisha akatoka na ngazi begani na bango kwapani, na paka waliokuwa wakiota jua kichochoroni wakampisha.

Upande wa kwanza haukumpa tabu. Palikuwa na nguzo ya umeme, naye akaikumbatia, akaizungushia kamba, akaifunga. Upande wa pili ndio uliokuwa na ngome. Kwa maana huko hakukuwa na nguzo wala mti wala kigingi. Palikuwa na roshani ya chuma tu, na roshani hiyo ilikuwa ya Bi Ok-hui.

Bi Bong-nim alijua hivyo tangu usiku. Alijua pia kwamba Jumamosi asubuhi Bi Ok-hui huenda mazoezi ya kwaya, na mapazia yalikuwa yamefungwa. Basi akakusudia kuvizia. Akaisimamisha ngazi mtelemkoni, mguu mmoja wa ngazi ukielea hewani, akapanda kidato cha kwanza, akapanda cha pili, magoti yakilia kama mlango wa ghala, akanyoosha kamba kuelekea chuma cha adui. Ndipo upepo wa vuli, uliokuwa umejificha kona ya duka la tofu ukingojea saa yake, ukamrukia. Ukalinyakua bango mikononi mwake, ukalipandisha juu, ukalikunja, ukalitupa chini lote kwa pamoja juu ya mtu aliyekuwa akitoka mlangoni na mfuko wa taka.

Mtu huyo akafunikwa gubigubi.

"Nani huyo?" ikauliza sauti ndani ya kitambaa.

Bi Bong-nim alifikiri kunyamaza, kisha akaona kwamba mwanamke mwenye kofia kama ile juu ya ngazi hana pa kujificha.

"Mimi. Mama Jae-ho."

"Mama Jae-ho yupi? Yule niliyekuwa namjua hajakanyaga kwangu tangu msimu wa mvua."

Akajifunua, akatokeza. Alikuwa Bi Ok-hui mwenyewe, mdogo kwa Bi Bong-nim kwa miaka miwili, mrefu kwake kwa kichwa kizima, nywele zake zikiwa bado zimeviringishwa kwenye vikunjio vya plastiki, kimoja kikining'inia sikioni. Hakwenda kwaya siku hiyo. Alikuwa akijitengeneza kuwapokea maofisa. Akaweka taka chini. Akalitandaza bango kifuani, akalisoma polepole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mbona nyekundu? Mnauza nyama?"

"Rangi kachagua mjumbe."

"Na mjumbe mwenyewe yuko wapi?"

"Mgongo."

"Mgongo," akarudia Bi Ok-hui, na katika neno hilo moja wanaume wote wa Dolsaem walipimwa wakaonekana wepesi.

Sasa jueni kwamba Bi Bong-nim alikuwa na hotuba. Alikuwa ameitunga kwa majuma kadhaa huku akipindua pilipili, hotuba ya kumwambia Ok-hui siku watakapokutana uso kwa uso. Ilianza na salamu kali, ikafuata dhuluma, ikafuata migongo waliyosuguana katika mvuke, ikamalizika kwa swali ambalo hakuna shemasi duniani angelijibu. Akafungua kinywa chake juu ya ngazi, upepo ukimpepea suruali, na hotuba ikatoka hivi:

"Naomba chuma chako nifunge kamba."

Bi Ok-hui aliliviringisha bango taratibu mkononi, kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa. Kisha akanena, na yeye ndiye aliyekuwa na hotuba ya kweli.

"Unajua mimi nimesali wapi miaka yote hii? Chini ya duka la kuku wa kukaanga. Nikifumba macho kuomba nasikia mafuta yakichemka. Mvua ikinyesha maji yanaingia, tunaimba huku tunapokezana matambara. Mume wangu nimemuaga humo humo, jeneza wakalishusha ngazi wakalipandisha ngazi kama kabati. Siku mchungaji alipotuonyesha picha ya jengo, wenzangu walitazama ghorofa. Mimi nilitazama madirisha. Na mimi nataka jua, Mama Jae-ho."

Yule aliyekuwa hajatishwa na upepo wala mtelemko alishikilia ngazi kwa mikono miwili. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa maandiko, hata kwa machozi. Hakuwa amejitayarisha kwa madirisha. Akakumbuka ile siku ya jeneza, naye alikuwapo, na hakuwahi kufikiri kwamba pale chini palikuwa na giza. Aliona ni mahali pa ibada tu, na mahali pa ibada huwa na giza lake.

"Si ungeniambia," akasema.

"Si ungeniuliza. Ulihesabu ghorofa ukafunga mlango."

Huko chini, barabarani, milango ya magari ilisikika ikifungwa, na sauti za watu wanaosalimiana kwa heshima nyingi.

"Madirisha sina ugomvi nayo," akasema Bi Bong-nim mwishowe. "Yawe hata mengi. Ila ghorofa ziwe chache."

Kikunjio cha sikioni kikatikisika, maana Bi Ok-hui alitaka kucheka akajizuia.

"Wamefika. Ukisimama hapo na kitambaa mkononi watadhani unafua. Shika."

Akamrushia bango. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kitabu cha vita kilicholitaja: adui aliuacha mlango wa ngome wazi, akaja chini ya ngazi, akaweka mguu wake mahali ule mguu wa ngazi ulipoelea, akashika pande zote mbili.

"Usinishike," akasema Bi Bong-nim.

"Sikushiki wewe. Nashika ngazi. Ukianguka hapa watasema kanisa limekusukuma. Panda, dada, na usifunge kwenye kamba yangu ya nguo."

Neno lile dada halikuwa limesikika kichochoroni tangu masika. Bi Bong-nim hakuligusa, asije akaliharibu. Akapanda kidato cha tatu, ambacho hakuwa amekikusudia maishani, na cha nne, ambacho daktari wake alimkataza. Upepo ukaja tena kutoka dukani, ukalijaza bango, ukalivuta huku na huko kama ng'ombe anayekataa kuuzwa. Naye akalivuta. Akaikanyaga hofu kwa kandambili. Akapitisha kamba kwenye chuma, akairudisha, akaipitisha tena, akafunga fundo, na juu ya fundo fundo jingine, na juu ya hilo jingine lililokuwa na hasira zote za msimu wa mvua ndani yake. Bango likanyooka. Herufi nyekundu zikasimama juu ya kichochoro kutoka nguzo hadi roshani.

Hapo msafara ukatokea kwenye kona: maofisa wa wilaya waliovaa vizibao, wazee wa kanisa wawili, na mbele yao Mchungaji Eom, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuinama kidogo hata anapozungumza na mlango. Wakaliona bango. Kisha macho yakashuka kwenye roshani, yakashuka kwenye ngazi, yakafika kwa shemasi wao mwenye vikunjio kichwani, mikono yake ikiwa bado kwenye ngazi.

"Mama shemasi," akasema Mchungaji Eom kwa upole, "nani amefunga kitu hiki kwako?"

Bi Bong-nim alitaka kusema ni yeye, peke yake, bila ruhusa. Alikwisha vuta pumzi. Lakini Bi Ok-hui alimtangulia.

"Roshani ni yangu, mchungaji. Kafunga jirani yangu, ngazi nimeshika mimi. Kanisa nalitaka, na hayo yaliyoandikwa si uongo."

Mmoja wa wazee wa kanisa akageuza uso. Mchungaji hakuugeuza. Alitazama bango, akatazama kiwanja, kisha akatazama ardhi aliyosimama, iliyokuwa na joto jepesi la asubuhi na paka wawili. Akamwuliza ofisa kama pale napo patakuwa kivulini. Ofisa akasema wakati wa baridi ndiyo, karibu siku nzima. Mchungaji akasema jambo hilo hakuelezwa, na akaomba apandishwe juu ya paa lolote akaone. Bi Bong-nim akashuka kidato baada ya kidato, Bi Ok-hui akimpokea kwa kiuno, akavua glavu, akamwonyesha njia.

Mambo ya ofisi ni marefu kuliko kilima. Michoro ilirudi, ikaenda, ikarudi tena. Kanisa likajengwa, liko pale hata leo, ghorofa tano, madirisha mengi. Jumapili magari bado hujaa mbele ya milango ya watu, na Bwana Seol bado huyaandikia barua. Karatasi za wilaya zinasema jengo lilipunguzwa kwa sababu za kitaalamu. Waache waseme.

Sisi iandikwe kwetu, na asiyejua kuandika aikariri, kwamba siku ile upepo ulivuma mpaka jioni na fundo la Ku Bong-nim, Mpindua Pilipili, Mpanda Kidato cha Nne, halikulegea. Bwana Seol alipokuja kulifungua, mgongo wake ukiwa umepona ghafla, vidole vilimshinda, akaomba mkasi. Akakata bango akaondoka nalo, fundo likabaki kwenye chuma. Mataifa mengine yana minara ya ushindi na sanamu za wapanda farasi. Dolsaem pana kipande cha kamba kwenye roshani ya shemasi, naye amekataa kiondolewe, kwa sababu, asema, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanikia soksi.