Kompyuta Mpya ya Msikiti

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima, tena kwa kipaza sauti.

Mwanzo wake ni kupenda sifa. Msikiti wa mtaani kwetu hapa Msambweni ulikuwa na kompyuta kuukuu yenye programu ya nyakati za swala. Kazi yake ni moja: kuonyesha ukutani dakika zilizobaki, kisha kulia tii-tii, ili Mzee Hamadi, muadhini wetu mwenye macho hafifu, ajue wakati umefika. Juzi ikafa kwa kutu ya chumvi. Mhisani akatoa laptopu mpya, na mimi ndiye fundi. (Fundi wa kubadilisha vioo vya simu, lakini mtaani hawajui tofauti.)

Maalim, imamu wetu, akaniambia kwa upole, "Si lazima programu ile, mwanangu. Ratiba ya karatasi ipo."

"Karatasi, Maalim? Zama hizi?" nikacheka. "Niachie mimi."

Leo baada ya adhuhuri nikaanza. Nikaiweka programu. Laptopu ikajibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Nikaiweka tena. Haiwezi! Programu ni ya miaka ishirini nyuma, laptopu ina prosesa ya aina mpya kabisa, hawajuani, hawasalimiani. Nami nimefunga, koo limekauka, na Mzee Hamadi yuko kando yangu akiuliza kila dakika tano, "Imekubali?"

Nikakumbuka dawa yake. Unaunda kompyuta ya zamani ya kuigiza ndani ya ile mpya, programu inaingia humo na kujiona iko kwao. Ikakubali! Nusura nipige takbiri. Palikuwa na kisanduku kidogo kimetiwa alama ya tiki, na maneno kuhusu kusogeza saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi, kama wafanyavyo watu wa nchi za baridi. (Nilikiona. Nikakiacha. Nani anasoma vitu vile na njaa?)

Skrini ikaanza kuhesabu dakika. Nje wingu la masika lilikuwa limetanda, giza tupu. Tukapanga tende, kaimati na uji barazani. Tii-tii! Mzee Hamadi akaadhini kwa ile sauti yake nzuri.

Tende ya kwanza ilikuwa yangu. Mtu mmoja akauliza mbona misikiti mingine kimya.

"Wamechelewa," nikasema, mdomo umejaa. "Wao hawana kompyuta."

(Ndiyo, simu tunazo, na saa zimo. Lakini adhana ikiita na tumbo likaitika, nani atatazama saa?)

Nilikuwa kwenye kikombe cha pili cha uji Maalim alipoingia, akitoka kumjulia hali mgonjwa.

"Assalamu alaikum. Mnafanya nini?"

"Wa alaikumu salaam. Tunafuturu, Maalim. Karibu."

Akatazama saa yake ya mkononi. Akanitazama mimi. "Saa kumi na moja na nusu?" (Kile kisanduku!)

Na wingu nalo halina adabu. Likapasuka papo hapo, jua likanipiga usoni, kaimati i mdomoni!

Watu wakatema walichotema. Maalim akashika kipaza sauti, akautangazia mtaa kwamba jua halijazama, walioanza kula waache, na siku hii watailipa baada ya Ramadhani. Kisha, kwa huruma zake, akaongeza kwamba kosa ni la kompyuta. Nikamshukuru Mungu. Lakini Mzee Hamadi, aliyeadhini miaka thelathini bila kukosea, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Si kompyuta! Ni Juma! Juma fundi simu, yule wa karibu na kisima!"

Sikumlaumu. Saa moja baadaye alipoadhini ile ya kweli, hakuna aliyegusa tende. Watu wazima wakangoja msikiti wa pili uadhini ndipo wale. Nilimwona mzee akiwatazama, kisha akainamisha kichwa, na roho ikaniuma kweli. Nikamshika mkono nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, ila nisiguse tena mashine yoyote.

Nikadhani yamekwisha. Simu ikalia. Mama mkwe!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekula sambusa mbili, ya tatu nilikuwa nayo mkononi. Siku yangu nitailipa Alhamisi ya kwanza baada ya Idi, na wewe utafunga pamoja nami."

"Naam, mama." (Ungemkatalia wewe?)

Habari ikaenea. Mpaka sasa wamenipigia watu kumi na wanne, kila mmoja na siku yake, na kila mmoja anataka nifunge naye. Kwa hiyo jirani, kama nawe leo ulikula mapema, nicheke utakavyo, lakini tafadhali, chagua Alhamisi.